Gari ya kupelekea mizigo: piga hesabu ya gereji na ya waranti kabla hujalipa

Wengi wetu tunaouza mtandaoni tunafika mahali boda hazitoshi tena. Oda zimeongezeka, mizigo imekuwa mikubwa, na kila siku unalipa watu wa kukupelekea. Ndipo unaanza kutafuta kirikuu au Probox iliyotumika. Na hapo ndipo mtaji wa miaka miwili unaweza kuishia gereji.

Mimi nauza vyombo vya ndani hapa Dar, na mwaka jana nilikuwa natafuta gari. Hesabu niliyotumia haihitaji chuo, mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne. Ni hii:

Bei ya kweli = bei ya kununua + matengenezo ya lazima + hatari iliyobaki.

Waranti inagusa hicho cha tatu tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ina waranti, usiwe na wasiwasi", bado hajakujibu viwili vya kwanza.

MATENGENEZO YA LAZIMA

Nenda na fundi wako, sio wa muuzaji, na umlipe wewe. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika. Injini ikiwa baridi haifichi mambo. Angalieni haya:

• Moshi. Wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yanapungua, mara nyingi ni gasket ya silinda hedi. Mweusi ni mafuta yanaingia mengi kupita kiasi.

• Mfuniko wa oili. Ukikuta utando kama chai ya maziwa, uliza maswali. Inawezekana maji yanachanganyika na oili.

• Taa ya injini kwenye dashibodi. Ukifungua swichi iwake, gari ikishawaka izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa ili usijue kuna tatizo. Pimeni kwa kompyuta.

• Matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2319 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri sio kigezo pekee, mpira unazeeka.

• Kilomita. Linganisha na pedali, usukani na siti ya dereva. Kilomita elfu 60 na pedali imelika mpaka chuma, haviendani.

• Namba. Tunapenda kusema "hii ni namba E, bado mpya". Herufi inakuonyesha gari ilisajiliwa lini hapa Tanzania, haikuonyeshi ilitengenezwa lini. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Fundi akimaliza, mwambie aandike orodha. Orodha hiyo peleka kwenye maduka ya spea, mfano Gerezani pale Kariakoo, uulize bei ya kila kitu. Ongeza ufundi. Hiyo ndiyo namba ya pili kwenye hesabu yako, na ndiyo silaha yako ya kuombea punguzo.

WARANTI: MASWALI SITA

Jirani yangu wa duka aliambiwa gari ina waranti ya miezi mitatu. Gia boksi ilipokufa, muuzaji akasema waranti ni ya injini peke yake. Hakukuwa na karatasi, basi ikaishia hapo. Kwa hiyo uliza, na majibu yaandikwe:

1. Inahusu nini? Nyingi ni injini na gia boksi. Klachi, pedi za breki, betri, bushi na matairi kwa kawaida havimo kwa sababu ni vitu vya kulika.

2. Inalipa spea, ufundi, au vyote?

3. Inaisha lini? Mara nyingine ni miezi au kilomita, chochote kitakachotangulia. Sisi wa kupeleka mizigo tunamaliza kilomita haraka.

4. Nani anatengeneza, na kwa siku ngapi? Gari ikilala gereji siku tano na kwa siku inakuingizia faida ya 60,000, umepoteza 300,000 hata kama matengenezo ni bure.

5. Nini kinaivunja? Kawaida ni kuchemsha injini, au kufunguliwa na fundi wa nje.

6. Inakubali gari ifanye biashara? Hili usilisahau. Zipo waranti zinazosema gari ni ya matumizi binafsi tu. Yadi moja niliyoenda ilikuwa na kipengele hicho chini kabisa ya karatasi. Kwa mtu wa familia ni waranti nzuri, kwangu mimi ilikuwa na thamani ya sifuri.

TUPIGE HESABU

Namba hizi ni za mfano, wewe weka zako. Chukulia fundi amesema injini za gari zote mbili ziko hali moja.

Gari A, ya mkononi, haina waranti: 8,500,000. Matengenezo ya lazima 1,250,000. Jumla 9,750,000.

Gari B, ya yadi, waranti miezi mitatu ya injini na gia boksi: 9,800,000. Matengenezo ya lazima 300,000. Jumla 10,100,000.

Tofauti ni 350,000. Hiyo ndiyo bei halisi unayolipia waranti, hata kama muuzaji anasema ni ya bure.

Sasa muulize fundi: "Magari kumi ya hali hii, mangapi yanaweza kuua injini au gia boksi ndani ya miezi mitatu?" Tuseme kubadilisha ni 1,800,000 pamoja na ufundi. Akisema moja kati ya kumi, hatari yako ni 180,000. Unalipa 350,000 kujikinga na 180,000, ni ghali. Akisema mawili, hatari ni 360,000, mnakaribia kulingana. Akisema matatu au zaidi, usitafute waranti, tafuta gari nyingine.

Ila kuna kitu kimoja hesabu hiyo haikisemi. Kama injini ikifa wiki ijayo huna pa kuitoa 1,800,000, na duka litasimama, basi kulipa hiyo 350,000 inaweza kuwa sawa. Unanunua usingizi. Kama akiba unayo, chukua A na hiyo 350,000 iongeze kwenye akiba ya gari. Mimi nilifanya hivyo, kwa sababu waranti niliyopewa ilikataa biashara.

KABLA YA KUTOA HELA

Jina kwenye kadi lifanane na la kitambulisho cha muuzaji. Uone kadi halisi, kopi haitoshi. Angalia kama namba ina deni la faini za trafiki. Mkataba wa mauziano uandikwe, waranti iwe ndani ya mkataba huo huo, mashahidi wasaini, kisha mhamishe umiliki TRA. Gharama za kuhamisha, bima na deni lolote nazo ziingie kwenye bei ya kweli.

Na tafadhali, usimalize hela yote ya mzigo kwenye gari. Gari bila bidhaa za kupeleka ni pambo la uani.

Unayetafuta gari sasa hivi, andika kwenye komenti bei uliyotajiwa na orodha ya fundi, tupige hesabu pamoja.