Kutozwa Kodi Si Kudhaminiwa

Katika mikutano ya vyama vya msingi huulizwa swali hili: ikiwa Serikali yatoza kodi sarafu za kidijitali, je, hiyo si dalili kwamba ni salama, na kwamba chama chaweza kuweka humo akiba yake? Swali hili ni la haki, na yampasa kila katibu awe na jibu.

Kwanza ifahamike sarafu hizi ni kitu gani. Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, haina noti wala kipande cha madini. Ni hesabu zilizoandikwa katika daftari ambalo nakala zake hutunzwa katika kompyuta nyingi duniani. Hakuna benki kuu iliyoitoa, wala hakuna mhazini wa kuulizwa. Mwenye mali huithibitisha kwa namba ya siri. Akiipoteza, hakuna ofisi ya kumrudishia.

Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kwamba sarafu hizo hazitambuliwi na sheria za nchi. Baadaye, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3, kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Mwenye jukwaa la kubadilishia mali za kidijitali hutakiwa kuikata anapomlipa mkazi wa Tanzania.

Izingatiwe kwamba kodi hiyo hukatwa katika malipo, si katika faida. Tuseme mwanachama amenunua sarafu kwa shilingi 1,000,000, bei ikaanguka, akaziuza kwa 900,000. Amekwisha kupata hasara ya 100,000, na bado hukatwa 27,000.

Jirani zetu wa Kenya walipitia njia kama hiyo. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 walitoza asilimia 3 ya thamani yote iliyobadilishwa. Tarehe 1 Julai 2025 kodi hiyo ilifutwa, ikawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya mtoa huduma. Katika mauzo ya shilingi 100,000 yenye ada ya 1,000, kodi ya kwanza ilikuwa 3,000. Ushuru wa pili ni 100. Mwezi Oktoba 2025 Kenya ilipata pia sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma hizo.

Basi, kutoza ni jambo moja, kusimamia ni jingine, na kudhamini ni jingine kabisa. Pombe hutozwa ushuru, lakini hakuna mnywaji aliyefidiwa na Hazina kwa sababu hiyo. Amana ya benki ina Bodi ya Bima ya Amana. Sarafu ya kidijitali haina kinga hiyo.

Mwanachama anayenunua kwa fedha zake mwenyewe aandike tarehe, bei, ada na kodi iliyokatwa, na adai hati ya makato. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ama fedha za chama, hizo ni jasho la wakulima wengi. Katibu asizitoe kwa ahadi ya faida ya haraka. Pendekezo lolote liletwe kwa maandishi mbele ya Bodi, lipimwe kwa sheria ya ushirika na masharti ya chama, aulizwe Mrajis, na wenye mali waamue katika Mkutano Mkuu.