Ticha, Wacha Wachague: Siri ya Darasa Lisilolala

Unakumbuka kuandika insha ya "Siku Nisiyoisahau" kila muhula? Ulikuwa unachoka hata kabla ushike kalamu. Sasa hebu waza ticha akisema chagua mwenyewe: ngamia wa babu yako, mechi ya jana, ama safari ya lori kutoka Wajir mjini hadi Hadado. Ghafla mkono unawasha.

Si uchawi. Wanasaikolojia wawili Wamarekani, Edward Deci na Richard Ryan, wanasema morali hukaa pale mtu anajiamulia, anaona anaweza, na anahisi ako na watu wake. Mwaka wa 1971 Deci alichapisha jaribio moja: wanafunzi wa chuo walilipwa doo kutatua mafumbo. Doo ilipokatwa, hamu nayo ikapungua.

Na kama umekulia pande za Hadado, hii stori unaijua. Kwa duksi kila mtoto ako na loox yake, ule ubao wa kuandikia aya. Cha kusoma hachagui, lakini spidi ni yake. Mmoja bado ako Juz Amma, jirani yake ashafika mbali, na maalim anamsikiliza kila mtu kivyake. (Fimbo pia iko, tusidanganyane.)

Siku hizi serikali nayo inataka mwanafunzi wa Gredi ya 9 achague mkondo wa sekondari pevu: STEM, Sayansi ya Jamii, ama Sanaa na Michezo. Poa sana. Noma ni kwamba walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, kisha TSC ikahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Ukichagua STEM na ticha wa fizikia hakuna, umejaza fomu tu. Mtoto akishagundua chaguo lake ni bure, kumwamsha tena ni kazi.

Lakini ticha, kuna chaguo hazihitaji bajeti. Wape maswali mawili wajibu moja. Waache waamue waanze na zoezi gani, ama wafanye pekee yao ama wawili wawili. Usiwarushie vitu kumi, watachanganyikiwa. Na pale hakuna kuchagua, kama hesabu za sehemu, waambie mbona: ndiyo wajue mbuzi wa baba akiuzwa, kila mtu anafaa kupata ngapi.

Na yule anakataa maswali yote mawili? Muulize angeuliza gani yeye. Huenda ako na swali kali kuliko lako.