Kufundisha Nukleoli: Kutoka Jina hadi Kazi

Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa achore seli, aghalabu huchora duara, akaweka kiini katikati, na ndani ya kiini akatia nukta moja nyeusi. Kando ya nukta huandika "nukleoli", akapata alama yake, na habari ikaishia hapo. Sisi tunaowaandaa walimu hatuna budi kukiri kwamba kosa hili limetokana nasi. Kwa miaka mingi tuliifundisha nukta hiyo kama jina la kukaririwa, mpaka siku moja mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alipoulizwa na mwanafunzi: "Mwalimu, nukta hii ikiondolewa, seli itapungukiwa na nini?" Mwanachuo hakuwa na jibu, nasi tuliokaa nyuma ya darasa tukatambua kwamba hatukumpa la kujibu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi swali lile linavyoweza kuwa msingi wa vipindi vitatu, na jinsi protini moja ya mwili wa binadamu, iitwayo nukleofosmini, inavyoweza kumfikisha mwanafunzi kwenye jibu.

Kipindi cha kwanza: Kuona

Mwalimu aanze na kitunguu. Utando mwembamba wa upande wa ndani wa tabaka lake ubanduliwe, utandazwe juu ya kioo, utiwe tone la iodini, kisha utazamwe kwa hadubini inayokuza mara 400. Kila seli itaonekana na kiini chake, na ndani ya kiini, kwa mwenye subira, nukta moja au zaidi. Wanafunzi wachore wanachokiona wao, si kilichomo kitabuni. Hapo waambiwe kwamba Mwitalia Felice Fontana aliieleza nukta ya namna hii mwaka 1781, alipochunguza ngozi ya mkunga. Lakini karibu karne mbili zilipita kabla kazi yake haijathibitishwa.

Kipindi cha pili: Kuuliza

Sasa swali la mwanafunzi wetu liulizwe na darasa zima: nukleoli ikikosekana, itakuwaje? Mwaka 1964 Donald Brown na John Gurdon walitoa habari za viluwiluwi wa chura wa Afrika mwenye kucha, waliorithi kasoro ya kutokuwa na nukleoli. Viluwiluwi hao hawakuweza kutengeneza RNA mpya ya ribosomu, nao walikufa wakiwa wachanga. Ribosomu, kama tujuavyo, ndizo zinazounganisha asidi amino kuwa protini. Pasipo ribosomu mpya seli haiwezi kukua.

Mwalimu asiharakishe kueleza yote. Kwanza awaulize wanafunzi: viluwiluwi hao waliwezaje hata kufikia umri ule? Waache wabishane. Jibu ni kwamba mama huweka akiba ya ribosomu ndani ya yai. Walianza maisha kwa akiba hiyo, lakini hawakuweza kuiongeza.

Kipindi cha tatu: Kueleza

Ribosomu ya binadamu ina RNA za aina 4 na protini zipatazo 80, nayo ina sehemu mbili, kubwa na ndogo. Tumeona mfano wa karakana ya seremala ukifaa. Kitanda kizima hakipiti mlangoni. Seremala hutengeneza sehemu zake ndani, zikatolewa nje mojamoja, kisha zikaunganishwa nyumbani kwa mwenyewe. Vivyo hivyo sehemu mbili za ribosomu huandaliwa katika nukleoli, zikatoka kwenye kiini kila moja peke yake, na kuungana nje ya kiini wakati wa kazi.

Nukleofosmini ni kama msaidizi wa fundi huyo. Ni protini yenye asidi amino 294, na molekuli zake tano hushikana pamoja kama pete. Makazi yake makuu ni nukleoli, ambako husaidia kuishikilia karakana yenyewe na kuandaa sehemu za ribosomu. Tena huenda na kurudi kati ya kiini na sehemu ya nje, ikisaidia katika kuzitoa.

Mfano huu una mipaka, na mwalimu aiseme. Karakana ina kuta, ilhali nukleoli haina utando wowote. Imekusanyika kama tone la mafuta ndani ya maji. Seli inapogawanyika nukleoli hutoweka, kisha ikaundwa upya katika seli changa.

Je, msaidizi akipotea njia? Mwaka 2005 wataalamu wa Italia, wakiongozwa na Brunangelo Falini, walionyesha kwamba kwa watu wazima wapatao theluthi moja wenye saratani kali ya damu ya aina ya mailoidi, jeni ya nukleofosmini imebadilika. Kwa kawaida ni herufi nne tu za DNA zimeongezeka; lakini mkia wa protini hugeuka, nayo hujikusanya nje ya kiini, mahali pasipo pake. Leo kuipima jeni hii ni sehemu ya uchunguzi wa ugonjwa huo, na humsaidia tabibu kuchagua matibabu.

Hapa mwalimu atumie busara, kwani huenda darasani yumo mtoto aliyeuguliwa nyumbani. Aeleze wazi kwamba badiliko hili kwa kawaida hutokea katika seli za damu za mgonjwa mwenyewe maishani mwake. Si la kurithi, wala ugonjwa huu hauambukizi.

Kupima

Mtihani usemao "Taja sehemu za kiini" hautapima lolote kati ya haya. Tunapendekeza maswali ya namna hii: Kwa nini seli inayokua kwa haraka aghalabu huwa na nukleoli kubwa? Kwa nini daktari anayechunguza uvimbe kwa hadubini huangalia pia ukubwa wa nukleoli? Kwa nini protini iliyo nzima huweza kudhuru ikikaa mahali pasipo pake?

Mwanafunzi atakayeyajibu huenda akasahau jina la nukleofosmini, na hilo halitatusikitisha. La kusikitisha ni yule anayelikumbuka jina, lakini hajui nukta aliyoichora hufanya kazi gani.