Maumivu ya jino yakitulia ghafla, usidhani umepona

MKAZI wa Doldol, Laikipia Kaskazini, anapoamshwa na jino usiku wa manane, aghalabu humeza tembe za kutuliza maumivu na kungoja kupambazuke. Mji wa Nanyuki uko umbali wa takriban kilomita 50, na kwa mfugaji, nauli pamoja na siku nzima ya kuiacha mifugo si gharama ndogo. Baada ya siku chache maumivu hutoweka, naye humshukuru Mungu kwamba amepona.

Kumbe huenda huo ndio wakati jino limekufa.

Tatizo hili halipo Doldol pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulibaini kuwa takriban thuluthi moja ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na meno yaliyooza.

Ili kuelewa kinachotokea, ni muhimu kujua jinsi jino lilivyoumbwa. Nje kuna gamba gumu kuliko mfupa. Ndani kabisa mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo hupitia katika mifereji myembamba hadi ncha ya mzizi.

Viini vya maradhi vinavyoishi kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa gamba hilo. Vikifika kwenye kiini, kiini huvimba. Kwa kuwa kimezingirwa na kuta ngumu, uvimbe hukosa pa kutanukia, na hapo ndipo mgonjwa huhisi jino likidunda, hasa anapolala.

Kiini kikifa, mishipa ya fahamu hufa pia na maumivu hukoma. Hata hivyo, viini vya maradhi husalia mle ndani, hupenya kwenye ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa wa taya. Jipu linalotokea baadaye, pengine baada ya miezi kadhaa, ni matokeo ya maradhi yale yale.

Wengi hukimbilia viuavijasumu. Dawa hizo husafirishwa na damu, ilhali jino lililokufa halifikiwi tena na damu. Zinaweza kupunguza uvimbe ulioenea, lakini chimbuko la maradhi hubaki palepale.

Tiba ya mzizi wa jino hulenga chimbuko hilo. Kwanza daktari wa meno hupiga picha ya eksirei, kisha humdunga mgonjwa sindano ya ganzi. Hutoboa jino kwa juu, akaondoa kiini kilichooza kwa vijichuma vyembamba, akapanua mifereji na kuiosha kwa dawa ya kuua viini. Jino la mbele kwa kawaida huwa na mfereji mmoja, ilhali gego huweza kuwa na mitatu au minne. Ndiyo maana gego huchukua muda mrefu zaidi na hugharimu zaidi.

Mifereji ikishakauka hujazwa dutu inayofanana na mpira, na jino huzibwa. Gego huhitaji pia kuvishwa kofia ili lisipasuke wakati wa kutafuna. Kazi hii huweza kukamilika kwa ziara moja hadi tatu, na uchungu kidogo wa siku chache baadaye ni jambo la kawaida.

Je, kwa nini asing'oe tu? Kung'oa ni nafuu, tena kunamaliza maradhi. Isitoshe, miongoni mwa Wamaasai, jamii yenye watu wengi eneo la Mukogodo, palikuwa na desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, hivyo pengo si jambo la kushtua. Lakini gego likitoka, meno jirani huinamia pengo, lile linalolikabili huchomoza, na kutafuna huwa kwa shida.

Hata hivyo, si kila jino linaweza kuokolewa. Lililopasuka mzizi, au lililovunjika hadi chini sana ya ufizi, ni heri ling'olewe. Jambo la busara ni mgonjwa kumuuliza daktari mapema: je, jino hili laweza kuokolewa, litahitaji ziara ngapi, na gharama yote, pamoja na ya kofia, ni kiasi gani?

Zipo dalili zisizongoja siku ya soko. Uvimbe ukifika shingoni, chini ya taya au karibu na jicho, au mgonjwa akipata homa kali, akashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vyema, apelekwe hospitalini mara moja, hata kama ni usiku. Maambukizi ya aina hiyo yanaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Jino linaloshtuka kwa kitu baridi au kitamu bado huenda likatibiwa kwa kuzibwa tu, kazi ya ziara moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mtu wa Doldol, ukuta huo ni safari kadhaa za Nanyuki.