Gin ya matunda nyumbani: juisi kwenye jagi, gin kwa kijiko



Wiki hii tunaingia jikoni, lakini si kwa sombe wala bugali. Tunatengeneza kinywaji cha feti: marakuja, nanasi, ndimu, tangawizi, na gin kidogo kwa yule anayekunywa.

Siku ya komunyo, ya ndoa au ya kugawana likelemba, sisi wamama ndio tunaopanga meza. Mchele tunaupima kwa kopo, mafuta kwa chupa, nyama tunaihesabu vipande. Lakini ikifika pombe kali, kila mtu anajimiminia apendavyo, na hapo ndipo feti nyingi huharibika. Kwa hiyo tunawapa namna ya kutengeneza, na pamoja nayo kanuni moja: juisi inakaa kwenye jagi, gin inaingia kwenye glasi, kwa kijiko.

Gin ni kitu gani?

Ni pombe kali isiyo na rangi, inayopata harufu yake kutoka kwa matunda madogo ya mti wa mreteni. Waingereza waliijua kupitia kinywaji cha Waholanzi kiitwacho jenever. Katika karne ya 18 ilikuwa rahisi mno mjini London, maskini wakainywa mchana na usiku, na watoto ndio walioteseka zaidi. Mwaka 1751 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kubana biashara hiyo. Mwaka uleule mchoraji William Hogarth alichora mtaa wa walevi wa gin, na katikati yake mama aliyelewa, mtoto anamponyoka mikononi na kuanguka. Mpaka leo Waingereza wana jina la utani kwa gin: maangamizi ya mama. Sisi tunaoishi karibu na kanyanga na lutuku, picha hiyo tunaielewa bila kufasiriwa.

Mahitaji ya glasi 8

- marakuja 10 zilizoiva, zile zenye ngozi iliyokunjamana
- nanasi 1 la kadiri
- ndimu 2
- tangawizi, kipande kama kidole gumba
- sukari, vijiko 6 vya supu
- maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1
- barafu, kama ipo
- gin, vijiko 2 vya supu kwa kila glasi ya anayekunywa

Namna ya kutengeneza

Ponda tangawizi, uichemshe pamoja na sukari katika glasi moja ya yale maji kwa dakika 10, kisha uiache ipoe. Kata marakuja, toa ndani yake kwa kijiko, uzikamue juu ya kichungio. Usizisage kwa mashine muda mrefu, kwa sababu mbegu zikivunjika zinaleta uchungu. Osha nanasi vizuri, limenye, ulisage. Asiye na mashine alitwange kwenye kinu na kulikamua kwa kitambaa safi. Maganda usiyatupe: yachemshe na tangawizi kidogo, watoto watapata kinywaji chao cha kesho.

Changanya juisi zote mbili, maji yaliyobaki na maji ya tangawizi. Ndimu iwe ya mwisho, ukionja kidogo kidogo. Kama hakuna frigo, weka jagi ndani ya beseni la maji baridi, ulifunike kwa kitambaa kilicholowa, mahali penye upepo.

Barafu nayo itoke kwenye maji yaliyochemshwa. Wengine husema pombe inaua vidudu. Gin iliyochanganywa na juisi haina nguvu hiyo, na kwetu, ambako kipindupindu hakiko mbali, hatuwezi kubahatisha.

Kwa nini kijiko?

Kijiko cha supu kina mililita 15, hivyo viwili ni mililita 30. Gin nyingi ina pombe asilimia 40 hivi. Chupa kubwa ya bia, ya sentilita 72 na asilimia 5, ina pombe sawa na vipimo vitatu kama hivyo. Anayejimiminia nusu glasi ya gin akidhani ni kidogo, amekwisha kunywa zaidi ya chupa nzima ya bia kwa mara moja. Tena juisi tamu inaficha ukali, na mtu anashtuka wakati wa kusimama.

Kwa upande wa mfuko, chupa ya gin ya sentilita 75 inatoa vipimo 25. Kikundi kikichanga chupa moja, watu 25 wanapata glasi moja moja, na matunda ya soko letu ndiyo yanayojaza meza.

Tena kuna jambo ambalo wamama tunalijua na hatulisemi sana. Katika kila feti yupo dada ambaye mimba yake bado ni changa na hajamwambia mtu. Yupo anayemeza dawa. Yupo muumini wa Kimbangu, yupo Mwislamu, yupo aliyeacha pombe baada ya kuumia. Gin ikimwagwa ndani ya jagi, hao wote wanabaki kujieleza mbele za watu. Juisi ikiwa peke yake kwenye jagi, wote wanashika glasi ya rangi moja na hakuna anayeuliza.

Nani asiwekewe gin?

Mwenye mimba, hata kijiko kimoja, kwa sababu hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Mama anayenyonyesha, akinywa kipimo kimoja, angoje angalau saa mbili kabla ya kumpa mtoto ziwa. Mgonjwa anayetumia dawa aulize kwanza kwenye kituo cha afya: metronidazoli inayotolewa kwa amiba, kwa mfano, watu huonywa wasiichanganye na pombe. Anayeendesha gari au moto kurudi nyumbani apewe juisi. Na watoto, hapana kabisa.

Chupa ya kuaminika

Nunua chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Usiweke kanyanga wala lutuku mahali pa gin, na usinunue pombe kali iliyomiminwa katika chupa ya maji. Pombe ya kienyeji au ya bandia inaweza kuwa na methanoli, na methanoli haijulikani kwa kuonja wala kwa kunusa. Mtu aliyekunywa akianza kuumwa kichwa sana, kutapika au kuona ukungu machoni, hata kesho yake, apelekwe hospitali upesi. Asiambiwe alale ili ulevi uishe.

Wengine hupenda kuongeza maji ya tonic. Uchungu wake unatoka kwa kwinini, dawa ya maganda ya mti wa kinkina unaolimwa hata katika milima yetu ya Kivu, na Bukavu inajulikana kwa kiwanda cha kwinini. Lakini kwinini iliyo kwenye tonic ni kidogo mno. Haitibu malaria.

Basi wamama, feti ijayo mjaribu. Mchagueni mmoja wenu akae karibu na chupa, kijiko mkononi, kama vile tunavyomchagua wa kutunza sanduku la pesa. Mgeni akiomba kuongezewa kipimo cha tatu, amjazie juisi, ampe na sahani ya chakula. Hatatoka nyumbani kwenu akisema alinyimwa.