Kutia nati za pikipiki maji ya zinki, uani kwako

Watu wa Pwani tunaijua dhahabu ya kuchovya. Bangili ya shaba hupelekwa kwa sonara, ikatiwa maji ya dhahabu, ikavaliwa harusini, na asiyeikwaruza hajui kilicho chini. Kazi ninayotaka kuieleza ni ndugu ya ile, ila badala ya dhahabu ni zinki, na badala ya bangili ni nati, bolti na washa za pikipiki kuukuu. Hufanywa uani kwa ndoo, siki na betri. Ikifanywa ovyo huweza kumdhuru mwenye kuifanya, na hata abiria atakayepanda pikipiki hiyo baadaye, ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu badala ya kuendelea kumjibu mtu mmoja mmoja kwenye simu.

Mimi kwa sasa naishi Port Victoria, kaunti ya Busia, karibu na pale mto Nzoia unapoingia ziwani. Pikipiki si ngeni huku. Mpakani Busia ndiko jina la bodaboda lilikozaliwa, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakivusha watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda huku wakiita "boda, boda". Baiskeli zikapisha pikipiki, na leo nyuma ya nyumba nyingi kuna mzoga wa Honda au Yamaha uliolazwa tangu siku mwenyewe aliponunua Boxer. Mafuriko nayo yameongeza mizoga hiyo. Mwaka 2020 Nzoia ilivunja kingo, ziwa nalo likapanda hadi kimo ambacho halikuwahi kufika tangu lianze kupimwa, na pikipiki zikazama pamoja na viti na vitanda.

Ninayoifufua sasa ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa 1976 na ambayo injini nyingi za Kichina tunazopanda leo zimeigwa kwayo. Injini haikuwa na neno. Kilichobaki ni vidude vidogo zaidi ya mia, vyote vyekundu kwa kutu. Mtu ataniambia, si ununue vipya? Vipo, lakini nyingi ya nati za sokoni ni laini, vichwa vyake havishiki spana vizuri, na urefu haulingani na wa kiwandani. Ya zamani ikiwa bado ina meno mazima, ni bora kuliko mpya ya bei rahisi.

Kwa nini zinki, na si kromu inayong'aa? Hapa ndipo penye kiini cha habari. Kromu hukinga chuma kama paa linavyokinga nyumba: likipata tundu, maji yanaingia. Mkwaruzo mmoja mdogo na kutu hutambaa chini kwa chini mpaka ngozi ya kromu ikabanduka. Zinki tabia yake ni nyingine. Zikiwa zimegusana na chuma mahali penye unyevu, zinki ndiyo inayoliwa kwanza, na chuma kinasalia hata pale palipokwaruzwa. Inakufa badala yake. Mafundi wa boti Mombasa wanalijua hili bila kusoma popote: vile vipande vya kijivu vinavyofungwa karibu na rafadha huwekwa viliwe ili shafti isiliwe. Humphry Davy wa Uingereza alilijaribu jambo hilo kwenye meli za kivita za nchi yake mwaka 1824. Mabati ya nyumba zetu nayo hupakwa zinki kwa sababu hiyo hiyo.

Tena kromu ya nyumbani ni sumu. Dawa yake ya kawaida ina aina ya kromu ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mvuke wake unaingia mapafuni, maji yake yanatoboa ngozi. Wapo pia wanaofundisha watu kutumia kijiko cha chuma kisichoshika kutu kama chanzo cha nikeli. Kijiko hicho kina kromu ndani yake, na umeme unaweza kuitoa ikiwa katika hali hiyo hiyo ya sumu. Egzosi yako ukitaka ing'ae, mpe mwenye kiwanda na kibali. Usijaribu nyumbani.

Kuna na vitu ambavyo havitiwi hata zinki. Umeme unapopita ndani ya ndoo hutoa gesi ya haidrojeni juu ya chuma, na sehemu yake hupenya ndani. Chuma laini hakijali. Chuma kigumu sana hugeuka kama biskuti: utakifunga vizuri, kitakaa saa au siku, kisha kitakatika ghafla bila kupinda kwanza. Kwa hiyo springi usitie, spoki usitie, ekseli usitie, bolti za breki na za usukani usitie. Tazama kichwa cha bolti. Ikiandikwa 8.8 au namba ndogo kuliko hiyo, endelea, ikiandikwa 10.9 au 12.9, iweke kando, isafishe, uipake grisi, basi. Viwandani hupika bolti ngumu kwenye tanuri la nyuzi joto 190 au zaidi kwa saa kadhaa ili gesi itoke, na jiko la makaa haliwezi kushika joto hilo sawasawa. Anayebeba abiria akilisahau hili, nati iliyong'aa inaweza kumuua mtu.

Sasa kazi yenyewe, na sehemu kubwa ya kazi ni usafi. Zinki haishiki juu ya kutu wala juu ya mafuta. Toa grisi kwanza kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji moto. Kutu tunaitoa huku kwa molasi, ile ya viwanda vya sukari inayouzwa kwa chakula cha ng'ombe: sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, vitu vikae humo wiki moja au mbili. Inanuka, majirani wataniwia radhi, lakini haili chuma kizuri wala haitoi mvuke wa kukohoza kama asidi. Pwani ambako molasi ni shida, siki itafanya kazi kwa usiku mmoja au miwili. Hata ukwaju una asidi ya namna hiyo, na ndiyo sababu bibi zetu walisugulia masinia ya shaba. Kisha brashi ya waya, kisha msasa laini.

Kipimo cha usafi ni maji matupu. Chovya bolti kwenye maji safi uitoe. Maji yakitanda kote kama kitambaa, iko tayari. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta bado, na mara nyingi ni mafuta ya vidole vyako. Rudia, na safari hii vaa glavu.

Dawa ya ndoo ni lita 1 ya siki nyeupe, gramu 100 za chumvi ya Epsom inayouzwa duka la dawa, na sukari kiganja kimoja, ambayo husaidia zinki ilale laini. Usitie chumvi ya jikoni, maana umeme unaweza kuitoa gesi ya klorini, na kwa sababu hiyo hiyo jiki isikaribie siki kabisa. Zinki yenyewe waweza kuipata kwenye maduka ya vifaa vya boti. Uliza kama ni zinki kweli, kwa sababu siku hizi vipande vingi vya boti ni alumini. Njia ya kuvitofautisha ni uzito: zinki ni nzito kama chuma, alumini ni nyepesi mkononi. Watu wengine hupasua betri za tochi. Ganda la betri zile za bei rahisi ni zinki, ndiyo, ila ndani mna uchafu mweusi usiopaswa kuvutwa puani, na ukikosea ukapasua ya alikalaini utakutana na kitu kinachounguza ngozi. Mimi nafuata za boti. Kilaze kipande ndani ya siki usiku kucha bila kufunika kabisa, kianze kuyeyuka.

Umeme ni wa betri ya pikipiki, volti 12. Waya chanya unakwenda kwenye zinki, waya hasi kwenye bolti, na kati yake unaunganisha balbu ya indiketa ya wati 10. Balbu hiyo ndiyo mlinzi. Hairuhusu zaidi ya ampia 1 kupita, na zinki ikigusana na bolti kwa bahati mbaya, kitakachotokea ni balbu kuwaka kwa nguvu zote na si waya kuungua. Vipande viwili vya zinki, kimoja kila upande, ni bora kuliko kimoja, kwa sababu upande usiotazamana na zinki hupata kidogo.

Muda hauhitaji kubahatishwa. Kwa hesabu ya Michael Faraday, ampia 1 kwa saa 1 huhamisha gramu 1.2 za zinki. Zitandaze kwenye sentimita za mraba 100, ambazo ni bolti ndogo 12 hivi za milimita 6, nawe unapata unene wa mikroni 17. Viwandani bolti za kawaida hupewa kati ya 5 na 12. Nusu saa basi ingetosha, lakini kwenye ndoo ya nyumbani sehemu ya umeme hupotelea kwenye mapovu, nami huacha dakika 40, nikizigeuza bolti kila baada ya 10. Usiseme uongeze saa nzima kwa uroho; meno ya bolti hunenepa kuliko unavyodhani na nati itakataa kuingia. Zikitoka nyeusi na kukwaruza kama masizi, umeme ulizidi. Weka balbu ndogo au ongeza bolti.

Zitatoka za kijivu zisizovutia. Zisuuze, uzisugue kwa brashi ya shaba na magadi ya kupikia, na hapo ndipo mng'ao hutokea. Ile rangi ya manjano yenye upinde wa mvua kwenye nati za kiwandani ilitokana na kromu ile ile ya sumu, kwa hiyo tuiache. Futa kwa nta au mafuta mepesi. Na niwe mkweli kwa wasomaji wa Lamu na Mombasa: huku ziwani maji ni baridi, hayana chumvi, na nati hizi zinadumu. Upepo wa bahari unakula zinki upesi, kwanza kwa unga mweupe. Mwenye kuegesha pikipiki karibu na bahari aisuuze kwa maji ya mfereji kila wiki na arudishie mafuta.

Limebaki suala la maji yaliyotumika, ambalo ndilo lililonifanya nigombane na jirani mmoja mwenye hamu ya kazi hii. Alitaka kuyamwaga mtaroni, na mtaro wetu unaishia ziwani, pale pale wanawake wanapochota na watoto kuoga. Zinki kidogo tu iliyoyeyuka huharibu matamvua ya samaki, na mji huu unakula kwa omena na mbuta. Kwanza, dawa hiyo haihitaji kumwagwa kila mara. Ichuje uitie kwenye jerikeni uliloliandikia, uitumie tena miezi. Ikichoka, mimina magadi polepole, maana itafura povu, mpaka povu likome na uongeze kijiko zaidi. Zinki itashuka chini kama uji mweupe. Yaliyo juu bado si ya kumwaga kisimani wala mtaroni: yaweke yote kwenye karai pana juani, mahali kuku na watoto hawafiki, yakauke. Unga unaobaki wa ndoo nzima haujazi hata kopo la chai. Langu liko juu ya kabati la vifaa, limefungwa kwa utepe, na tangu nianze halijafika nusu.