Betri ya Moyo: Kuujua Mwisho Wake ni Sehemu ya Tiba

Nchini Tanzania, kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuongoza mapigo ya moyo hujulikana zaidi kwa jina la "betri ya moyo". Wataalamu hukiita pesimeka. Jina la wagonjwa limetaja sehemu moja tu ya kifaa hicho, kwa kuwa ndani ya kasha lake mna pia sakiti inayosoma mwenendo wa moyo, na kutoka humo hutoka waya unaopita kwenye mshipa wa damu hadi ndani ya moyo. Hata hivyo, jina hilo limegusa penyewe. Mara nyingi sakiti huwa bado nzima wakati betri imekwisha, na betri ndiyo huamua siku ambayo mgonjwa atarudi kwenye chumba cha upasuaji.

Sababu imo katika muundo wa kifaa. Kasha limechomelewa pande zote lisipenye hata unyevu, hivyo betri haiwezi kutolewa peke yake kama ile ya tochi au redio. Inapokaribia kwisha, ngozi hupasuliwa, kifaa kizima hutolewa, na kifaa kipya huunganishwa na waya uliopo iwapo waya huo bado ni mzima. Upasuaji huo ni mfupi, lakini kwa kawaida hatari ya maambukizi wakati wa kubadilisha kifaa ni kubwa kuliko wakati wa kukipandikiza kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mwaka mmoja unaoongezwa kwenye uhai wa betri humpunguzia mgonjwa hatari na gharama.

Pamoja na urefu wa uhai, wabunifu wa betri hizi wametafuta sifa nyingine ambayo mgonjwa hafikirii mara kwa mara: betri iishe taratibu, na itoe taarifa mapema kabla ya kuisha. Historia ya vifaa hivi kwa sehemu kubwa ni historia ya kuitafuta sifa hiyo.

Kutoka saa chache hadi miaka

Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska huko Solna, karibu na Stockholm nchini Sweden, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kifaa kilichoundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kilikuwa kifaa cha kwanza cha aina hiyo kuwekwa chote ndani ya mwili wa binadamu. Betri zake zilikuwa za nikeli na kadimiamu, na zilichajiwa kutoka nje kwa koili iliyowekwa juu ya ngozi. Kifaa hicho kilifanya kazi kwa saa chache tu, kikafuatiwa na kingine. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20 katika maisha yake, akafariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, kwa maradhi yasiyotokana na moyo wake.

Mwaka 1960, mjini Buffalo nchini Marekani, mhandisi Wilson Greatbatch na daktari William Chardack walitumia betri za zebaki na zinki, ambazo hazikuhitaji kuchajiwa. Betri hizo zilileta nafuu kubwa, lakini kwa kawaida zilidumu kwa takriban miaka miwili. Zilikuwa na kasoro mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba zilitoa gesi ya haidrojeni, na kwa sababu hiyo kifaa hakikuweza kufungwa kabisa ndani ya chuma. Kilimiminiwa gundi ngumu ya epoksi, ambayo hupenyeza unyevu wa mwili taratibu hadi kwenye sakiti. Kasoro ya pili ni kwamba volteji yake ilikaa palepale kwa muda mrefu, kisha ikaporomoka kwa ghafla. Daktari hakuwa na njia nyepesi ya kutambua kwamba betri imo katika siku zake za mwisho.

Kwa muda, baadhi ya watafiti waligeukia nishati ya nyuklia. Mwaka 1970 mjini Paris, mgonjwa alipandikizwa kifaa kilichotumia joto la plutoniamu kuzalisha umeme. Uhai wake ulikuwa mrefu, lakini kila kifaa kilipaswa kufuatiliwa popote mgonjwa alipokwenda na kurejeshwa baada ya kifo chake. Njia hiyo iliachwa ilipopatikana nyingine iliyo rahisi zaidi.

Betri inayojiziba yenyewe

Njia hiyo ilikuwa betri ya lithiamu na iodini, ambayo ilipandikizwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza nchini Italia mwaka 1972. Kazi yake inaeleweka kwa urahisi. Lithiamu inapogusana na iodini, papo hapo huzaliwa kati yake utando mwembamba wa chumvi ngumu. Utando huo huzitenganisha pande mbili za betri na wakati huohuo hupitisha chembe za umeme. Ukipata ufa, lithiamu na iodini hukutana tena kwenye ufa huo na utando mpya hujiunda. Hakuna kimiminika kinachoweza kuvuja, wala gesi inayozalishwa.

Kukosekana kwa gesi ndiko kulikofungua mlango wa mabadiliko mengine. Wahandisi sasa waliweza kuiweka betri pamoja na sakiti ndani ya kasha la titani, chuma ambacho mwili hukivumilia vizuri, na kulifunga kabisa kwa kulichomelea. Mahali ambapo umeme hutoka nje ya kasha huwekwa kipande cha kauri kinachoshika waya mwembamba, ili umeme upite na unyevu usipite.

Faida kubwa kwa daktari ilikuwa katika namna betri hiyo inavyozeeka. Kadiri inavyotumika, utando wa chumvi huwa mnene na ukinzani wa ndani huongezeka. Volteji, ambayo mwanzoni ni takriban 2.8, hushuka kidogo kidogo. Kifaa hupima mabadiliko hayo, na yanapofika kiwango kilichowekwa, huonyesha alama kwamba wakati wa kubadilisha umewadia. Kwa kawaida alama hiyo huacha nafasi ya takriban miezi mitatu kabla ya huduma kuanza kutetereka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Betri ya zebaki ilinyesha bila mawingu, na ya lithiamu huyatanguliza.

Hesabu ya umeme mdogo

Betri ya pesimeka yenye uwezo wa ampia-saa 1 ina takriban robo ya uwezo wa betri ya simu ya kisasa, ambayo huchajiwa karibu kila siku. Siri ya uhai wake ni matumizi madogo. Ikiwa kifaa kizima hutumia mikroampia 10, yaani sehemu 10 kati ya milioni za ampia, betri hiyo itatosha kwa saa 100,000, ambazo ni miaka 11 na ushei. Matumizi yakipanda hadi mikroampia 20, uhai hupungua kwa nusu.

Hapa mhudumu wa afya anayepanga kifaa ana mchango wa moja kwa moja. Mpigo wa volti 2.5 unaodumu milisekunde 0.4, kwenye njia yenye ukinzani wa omu 500, hutumia mikrojuli 5 za nishati. Volti zikiongezwa hadi 5, nishati ya mpigo mmoja hupanda mara nne na kufikia mikrojuli 20, kwa kuwa nishati hukua kwa kipeo cha pili cha volteji. Kwa moyo unaohitaji mapigo zaidi ya 80,000 kwa siku, tofauti hiyo inaweza kumpunguzia mgonjwa miaka kadhaa ya betri. Hata hivyo, volteji ikishushwa kupita kiasi, moyo unaweza kushindwa kuitikia. Ndiyo maana kiwango salama hupimwa na kurekebishwa katika kila ziara.

Ncha ya waya nayo imefanyiwa kazi kubwa. Nyaya nyingi hubeba kiasi kidogo cha dawa ya deksamethasoni kwenye ncha yake, ambayo hupunguza uvimbe pale chuma kinapogusa msuli wa moyo. Uvimbe ukipungua, umeme mdogo hutosha. Kinyume chake, mpira unaoufunika waya ukichubuka, umeme huvuja na betri huisha kabla ya wakati.

Moyo unapohitaji mshtuo

Kifaa cha kushtua moyo, ambacho kwa mara ya kwanza kilipandikizwa kwa binadamu mwaka 1980 katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore kutokana na juhudi za daktari Michel Mirowski, kina mahitaji tofauti. Mshtuo mmoja unaweza kufikia juli 40, sawa na mipigo milioni 8 ya mikrojuli 5. Betri ya lithiamu na iodini haiwezi kutoa nishati hiyo kwa haraka. Hivyo ikabuniwa betri ya lithiamu yenye oksidi ya fedha na vanadi, inayoweza kutoa mkondo mkubwa kwa muda mfupi.

Hata betri hiyo ina volti 3 hivi, ilhali mshtuo huhitaji zaidi ya volti 700. Daraja kati ya viwango hivyo ni kapasita, kipande kinachokusanya umeme kwa takriban sekunde 10 na kuuachilia kwa mkupuo. Kapasita ikikaa muda mrefu bila kazi, tabaka lake la ndani hudhoofika. Kwa hiyo kifaa huijaza chenyewe kila baada ya muda ili kuiweka tayari. Mgonjwa ambaye hajawahi kupata mshtuo hata mmoja bado hutumia betri kwa maandalizi hayo.

Mwaka 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu baadhi ya vifaa vya kushtua moyo ambavyo ndani ya betri zake vijibonge vya lithiamu viliweza kuunganisha pande zisizopaswa kuungana. Betri iliyopata hitilafu hiyo iliweza kuisha ndani ya siku moja hadi wiki chache baada ya kutoa taarifa, badala ya miezi. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba betri isiyotabirika ni hatari hata kama imeundwa kudumu kwa miaka mingi.

Kwa nini visichajiwe kama simu

Vifaa vingine vya mwilini huchajiwa au hupokea umeme kutoka nje. Kifaa cha kusaidia usikivu kinachopandikizwa katika sikio la ndani hupata umeme wake kupitia ngozi, kutoka kwenye kichakata sauti kinachovaliwa nyuma ya sikio. Betri ikiisha, mgonjwa huibadilisha mwenyewe. Baadhi ya vifaa vya kutuliza maumivu sugu kwa kusisimua neva huchajiwa na mgonjwa nyumbani.

Tofauti iko katika matokeo ya kusahau. Asiyechaji kifaa cha usikivu atakosa kusikia hadi achaji. Mgonjwa ambaye moyo wake unategemea kifaa kwa kila pigo anaweza kupoteza maisha kwa sababu ya ugonjwa, safari au kukatika kwa umeme. Zaidi ya hayo, kuchaji huzalisha joto, na kifaa kilichomo mwilini hakiruhusiwi kuvipasha moto viungo vinavyokizunguka. Kwa hiyo betri isiyochajiwa imeendelea kuwa chaguo la kwanza kwa moyo.

Wajibu wa kliniki na wa nyumbani

Teknolojia inayotoa taarifa haina faida iwapo hakuna anayeisoma. Mgonjwa aliyepandikizwa kifaa, iwe katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au kwingineko, anapaswa kuzingatia tarehe za kliniki hata anapojisikia mzima, kwa kuwa katika miezi ya kwanza ya onyo huenda asihisi chochote. Kadi ya kifaa, yenye jina la mtengenezaji, aina na tarehe ya kupandikizwa, ibebwe kila anaposafiri. Simu ya mkononi iwekwe umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, isibebwe katika mfuko wa shati upande huo.

Mhudumu katika kituo cha afya akimpokea mgonjwa wa aina hii mwenye kizunguzungu, kuzirai au uchovu wa ghafla, ahesabu mapigo, apime ECG na aulize kadi kabla ya kutafuta sababu nyingine. Sumaku ikiwekwa juu ya pesimeka, kwa kawaida kifaa hupiga kwa kasi isiyobadilika, na kasi hiyo huashiria hali ya betri kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Juu ya kifaa cha kushtua moyo, kwa kawaida sumaku husimamisha mishtuo; isitumike bila ufuatiliaji wa karibu. Kabla ya kipimo cha MRI, aina ya kifaa na nyaya zake ithibitishwe kwanza.

Wajibu huo haukomi mgonjwa anapofariki. Katika familia ambazo mila au dini yao ni kuchoma maiti, kifaa lazima kitolewe kwanza, kwa sababu betri hulipuka kwenye moto na inaweza kuwadhuru wahudumu. Familia zijulishwe mapema na kwa upole, ili zisikutane na suala hilo kwa mara ya kwanza siku ya msiba.

Betri ya moyo imekua kutoka saa chache za mwaka 1958 hadi miaka 10 na zaidi kwa wagonjwa wengi wa leo. Taarifa yake ya mwisho humfaa mgonjwa iwapo itasomwa kwa wakati, na kazi hiyo hufanyika kliniki, tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.